Kutandikiwa

Kwa miaka thelathini na moja nimetandika vitanda vya watu nisiowajua, na katika muda huo wote hakuna aliyenitandikia mimi. Nyumbani nilitandika cha mume wangu mpaka alipofariki, nikatandika cha watoto, nikaendelea na cha wajukuu. Kazini, kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinne, nilitandika mpaka watu wakaniita Mama Shuka, na jina alilonipa baba likabaki kwenye kitambulisho tu.

Wageni wetu walikuwa wale wa mabegi ya mgongoni. Vijana wa kutoka mbali, nywele hazijaona kitana, viatu vinanuka mpaka unavitoa nje kwa fimbo ya ufagio. Walipenda kusimulia walikopita. Wa mapokezi, Bi Kaunta, alikuwa akinitafsiria nami napiga deki. Asia, walikuwa wakisema. Nenda Asia, kule unalala kwa bei ya soda mbili, treni inakwenda siku nzima na nauli ni kama ya kwenda sokoni.

Mimi sikutamani treni wala milima yao. Nilitamani kitu kimoja, na nilikuwa naona haya kukitaja. Nilitaka kuingia mahali, niandikwe kwenye kitabu cha wageni, nipewe ufunguo, nifungue mlango nikute kitanda kimetandikwa na mkono wa mtu mwingine. Kona zimekunjwa, foronya imepigwa pasi. Nilale juu yake bila kumjua aliyekitandika, kama wao walivyolala bila kunijua mimi. Basi, hicho tu.

Bi Kaunta alikuwa rafiki yangu. Tulikula mchana kwenye sahani moja nyuma ya stoo. Tulizika waume zetu mwaka mmoja, wake mwezi wa tatu, wangu mwezi wa nane. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo barua za benki alinisomea yeye. Kiingereza chake kilikuwa kinateleza kama sabuni kwenye beseni, na alikuwa na sauti ambayo hata mtu mkali kwenye simu akiisikia anajirekebisha.

Mwenye nyumba alipouza jengo, tukalipwa kiinua mgongo. Mwanangu akakitolea macho, mkwe wangu akaanza kutaja friji. Bi Kaunta akaja kwangu jioni moja, amekaa kwenye kigoda, anajipepea na kanga.

"Mama Shuka, tutakufa tumeinamia ndoo."

"Aliyeinamia ndoo ni mimi. Wewe ulikuwa umekaa."

"Basi tutakufa, wewe umeinama na mimi nimekaa. Twende Asia."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Mkwe wangu aliposikia akasema, "Mama, watu wa umri wako wanakwenda kliniki ya presha." Nikamwambia na mimi nakwenda kliniki, ila iko mbali kidogo.

Tukanunua mabegi mawili ya mtumba, makubwa, yenye kamba za kufunga kifuani. Kiinua mgongo kikaishia mgongoni. Fedha za safari tulizichanga akazishika yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuuliza bei. Na paspoti zote mbili akashika yeye. Mimi nilibaki na kidogo cha zawadi za wajukuu, nikakishonea ndani ya gagulo. Na tukakubaliana jambo moja kabla hatujatoka: huko njiani tutalala popote, kwa bei ya chini kuliko zote, lakini siku tatu za mwisho, kabla ya ndege ya kurudi, tutalala hotelini kama watu. Chumba cha vitanda viwili. Nilikubali safari nzima kwa ajili ya siku tatu hizo.

Mji wa kwanza tulifikia nyumba ya ghorofa tatu, ngazi nyembamba kama za kupandia darini. Mgongo wa Bi Kaunta ulikuwa umemshika ndani ya ndege, hivyo mabegi nilibeba mimi yote mawili, moja mgongoni, moja kifuani. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa kwake ulikuwa na pasi ya umeme ndani, kwa sababu hakuwa tayari kuonekana na blauzi iliyojikunja hata mbele ya watu asiowajua. Nilipofika juu nahema kama mbuzi, yeye alikuwa ameshamaliza kuzungumza na kijana wa mapokezi.

"Kitanda kimebaki kimoja tu," akaniambia. "Leo lala wewe chini, kesho mimi."

Nikalala kwenye mkeka, ndani ya stoo, kati ya mafagio. Nililala vizuri tu, mafagio tunajuana. Kesho yake mgongo wake bado ulikuwa mbaya. Keshokutwa pia. Mgongo ule haukupona wiki tisa, ila tulipopita kwenye maduka ya vitambaa.

Pale mapokezi nilikuwa nimesikia neno, akilisema huku ananionyesha kwa kidevu. Tulipokaa kunywa chai nikamuuliza.

"Uliniita nani pale?"

"Helpa."

"Ndiyo nini?"

"Wewe mtu wa gesti, help huijui?"

"Naijua. Ni saidia." Na kweli niliijua. Wageni walikuwa wakiipigia kelele bafuni maji yakikatika wana sabuni machoni.

"Haya, helpa ni mtu wa kusaidiana naye. Mwenzi. Kwani sisi hatusaidiani?"

"Tunasaidiana."

"Basi."

Nilifurahi, nitasema ukweli. Miaka yote ile, kwa Kiswahili hakuwahi kuniita mwenzi, na sasa ananiita kwa Kiingereza mbele za watu. Tangu siku ile kila tulipofika nilijitambulisha mwenyewe. Naweka mkono kifuani, natabasamu, nasema, "Mi helpa." Watu walikuwa wakinijibu kwa kichwa, wananionyesha ulipo ufagio. Nikadhani ndiyo desturi ya nyumba za bei rahisi, mgeni anafagia. Na mimi nina ugonjwa wangu. Kitanda kilichovurugwa siwezi kukipita. Mabweni yale yalikuwa na vitanda vya ghorofa, watu kumi na wawili chumba kimoja, na kila asubuhi nilitandika vyote kumi na viwili kabla sijanywa chai. Wenye nyumba walinipenda sana. Mmoja alinipa kandambili mpya.

Tukaenda hivyo, mji hadi mji. Treni za viti vya mbao, yeye dirishani, mimi na mabegi. Wali asubuhi, wali jioni, mchana maji. Picha zote za safari ile nimepiga mimi, kwa hiyo mimi simo hata moja. Kuna mlima mmoja ambao watu husafiri mwezi mzima kwenda kuuona. Vijana wa bwenini walimchukua Bi Kaunta alfajiri, mgongo ule ule, akapanda nao mpaka kwenye kilima cha kutazamia. Mimi niliambiwa nafasi kwenye gari imejaa. Mlima wenyewe niliuona kwenye kioo cha dirisha, nilipokuwa nakifuta.

Polepole akazoea. Zamani alikuwa akisema, "Mama Shuka, nipe maji tafadhali." Ikawa, "Mama Shuka, maji." Halafu ikawa, "Maji." Wiki ya saba aligonga kikombe na kijiko. Wale vijana wakacheka, akawaambia kitu kwa Kiingereza wakacheka zaidi, wananitazama. Nami nikacheka, ili nisiwe peke yangu.

Nilihesabu siku. Si kwa hasira, kwa hamu. Zimebaki kumi, zimebaki sita. Nitaandikwa kwenye kitabu. Nitapewa ufunguo.

Siku ikafika, asubuhi ya saa nne. Hoteli ilikuwa na mlango wa kioo na maua ya plastiki kwenye chombo kirefu. Kaunta ilikuwa ndefu, imeng'arishwa. Nilisimama nyuma na mabegi, naangalia kitabu cha wageni kikifunguliwa, mimi niliyefuta vumbi la kitabu kama kile miaka thelathini na moja. Bi Kaunta akaandika. Akakifunga.

"Bado mimi," nikasema.

"Nimeandika wote. Chumba kinasafishwa, nenda na huyu mama ukasubiri. Nitakuita."

Yule mama alikuwa na aproni. Akanipitisha jikoni, akanipitisha uani, akaniingiza kwenye chumba cha kufulia. Mashine tatu zinanguruma, meza ya kupigia pasi, mvuke unakuchoma pua. Kwenye pembe palikuwa na godoro jembamba na blanketi limekunjwa juu yake. Walikuwepo wanawake watatu. Nikakaa kusubiri. Dakika tano tu, mikono ikaniwasha, nikachukua shuka kwenye rundo nikakunja. Wakaona kona zangu. Wakaacha kazi, wakaitana, mmoja akapiga makofi.

Mkubwa wao alikuwa na alama za kuungua na pasi kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Akatoa simu mfukoni, akaisemesha, kisha akaninyooshea. Simu ikasema Kiswahili. Nilishtuka nikakaa vizuri. Wiki tisa nilikuwa sijakisikia kwenye mdomo mwingine zaidi ya wa Bi Kaunta, na sasa kinatoka kwenye simu, sauti ya kike, kama msoma habari.

"Bibi, mwajiri wako anakulipa mshahara kiasi gani?"

Nikacheka. Nikaisogelea. "Sina mwajiri mimi. Nimestaafu. Nipo na mwenzangu, tunatembea."

Wakasikiliza kwa lugha yao. Wakatazamana. Mkubwa akaisemesha tena.

"Yule bibi wa juu. Yeye amesema wewe ni helpa wake."

"Ndiyo!" nikasema, mkono kifuani. "Mi helpa."

Hawakucheka. Ingekuwa heri wangecheka. Mkubwa akajigusa kifua, akasema pole pole kwa mdomo wake mwenyewe, "Mi helpa." Akaonyesha mashine, akaonyesha ndoo. Akamshika wa pili bega, "Helpa." Wa tatu, "Helpa." Kisha akaiambia simu maneno marefu, nayo ikayasema bila haraka.

"Helpa ni mtumishi wa nyumbani. Kwenye kitabu cha mapokezi imeandikwa: mgeni mmoja, mtumishi mmoja. Mgeni anapewa chumba. Mtumishi halipiwi kitanda. Mtumishi analala hapa na anasaidia kufua."

Nikamwomba airudie. Simu haichoki, ikairudia neno kwa neno.

Nilimaliza shuka nililokuwa nalo mkononi. Nikaliweka juu ya rundo, nikapanda ngazi.

Bi Kaunta alikuwa ameoga. Kitaulo kichwani, miguu juu ya mto, kitanda kipana, shuka jeupe ambalo pembe zake zilikuwa bado kali. Kitanda kimoja.

"Nani amekuruhusu kupanda?" akauliza. Lilimtoka tu. Nadhani hata yeye lilimshangaza.

"Helpa ni nini?"

Akanitazama kidogo. Kisha akatabasamu, kama mtu aliyekuwa akingoja basi na sasa limefika.

"Nani kakwambia?"

"Simu."

"Simu ina umbea kuliko mkwe wako." Akakaa. "Haya, sasa ulitaka niseme nini? Siku ile ya kwanza yule kijana alichungulia ngazini, akaniuliza mwenyewe, helpa wako atalala wapi. Kabla sijafungua mdomo, nami nachungulia, wewe huyo unapanda na mabegi mawili, jasho mpaka kwenye kope. Ningesema nini? Ningesema huyu ni mtalii?"

"Ungesema ni mwenzako."

"Akataja bei, Mama Shuka. Nusu! Zile fedha zilikuwa za wiki nne. Umetembea wiki tisa kwa neno moja. Neno limekuchubua wapi?"

"Hizi siku tatu tulikubaliana."

"Tulikubaliana wakati fedha zipo. Na ungelala humu ungefanya nini? Ungeamka alfajiri utandike, unikoseshe usingizi. Nakujua. Wewe ukikaa kwenye kiti unakaa pembeni, kama umekiazima." Akashusha sauti, akaifanya ya huruma, na hapo ndipo aliponimaliza. "Mama, hakuna mahali hata pamoja watu waliposhangaa. Hata pamoja. Nilikuwa nangoja mmoja aseme, ah, mbona hafanani. Hakusema mtu."

Watu hudhani subira yangu ni upole. Subira ni kukaa na jambo mpaka ulijue uzito wake, halafu ndiyo unalibeba au unalitua.

Nikashuka. Nikamchukua yule mama mwenye alama za pasi na simu yake, tukaenda mpaka kwenye kaunta. Meneja alikuwa mwanaume wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nikasema kwenye simu, "Mimi si mtumishi wa mtu. Mimi ni mgeni. Nataka kuandikwa."

Alisikiliza mara mbili. Akavaa miwani, akafungua kitabu, akasoma mstari wa Bi Kaunta, akavua miwani. Kisha akakigeuza kitabu kwangu na kunipa kalamu. Niliandika jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu, kwa herufi za darasa la nne. Lilikula mistari miwili. Hakunikataza.

Bi Kaunta akaitwa. Alishuka amevaa blauzi iliyonyooshwa, na sauti yake ile. Akakizungusha Kiingereza chote alichonacho, na kaunta ikamsikiliza kama yeye alivyokuwa akiwasikiliza wageni waliovunja glasi. Meneja akasema kupitia simu, ili na mimi nielewe: "Amedanganya hoteli. Atalipa watu wawili kwa siku zote tatu, au atoke sasa hivi."

Akamwaga pochi juu ya kaunta. Haikutosha hata kwake peke yake. Vitambaa vilikuwa vimezila fedha, na viatu, na ule mlima.

Akanigeukia. Sasa Kiswahili kikarudi. "Mama Shuka. Lile gagulo."

"Ni za wajukuu."

"Nitakurudishia tukifika. Naapa kwa kaburi la marehemu."

"Yupi?"

"Usinifanyie hivi mbele za watu."

Meneja akanisogezea simu mdomoni. Sauti ya msoma habari ikauliza: "Je, utamlipia huyu?"

Fedha za gagulo zilitosha watu wawili. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, kwa sababu sindano ya kuzishonea niliazima kwake, na alikuwepo nikizihesabu. Watu wa kufua walikuwa wamesimama mlangoni. Nikaisogelea simu nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, "Nalipa kitanda kimoja."

Simu ikatafsiri. Haikukosea.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Ndege ilikuwa siku tatu mbele, na bibi mtu mzima hawezi kutupwa barabarani. Akasema chumba cha mashine kina godoro, na mikono inahitajika. Kile chumba kikubwa wakakirudisha, mimi nikapewa kidogo, nyuma ya ngazi, dirisha linaangalia ukuta. Mgeni wake alikuwa ametoka muda ule ule, kitanda kilikuwa uchi. Wakaniambia nisubiri, atakuja mtu.

Nikakaa kwenye kiti. Nilikaa katikati ya kiti. Mikono iliniwasha, nikaikalia.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Kaunta, mashuka mawili na foronya mkononi, aproni imemzidi.

"Wamenituma mimi," akasema.

"Ingia."

Miaka thelathini na moja ndani ya nyumba ya wageni, na hakujua shuka linaanzia wapi. Alilitupa kama anayeanika mahindi. Kona zikaning'inia kama masikio ya mbuzi.

"Si hivyo," nikasema.

"Nionyeshe basi."

"Wageni hawaonyeshi."

Nikainuka, nikashika pindo, nikalivuta lote mpaka chini. "Anza tena."

Akaanza tena. Akaenda upande huu, akazunguka upande ule, anashikilia kiuno. Mgongo sasa ulikuwa unamuuma kweli, nauona, namjua akiigiza na namjua asipoigiza. Nikalivuta tena.

"Mama Shuka, tumezika waume zetu pamoja."

"Tumezika. Anza tena."

Mara ya tatu lilikuwa na mikunjo. Mara ya nne nikalitazama muda mrefu, nikapita mkono juu yake, na kwa haki kabisa lilikuwa zuri, ningelipitisha hata kazini. Nikalivuta. Mara ya tano akakunja kona zote nne. Alipofika kwenye mto aliushika tumboni kuuvisha foronya, na hapo akaanza kulia, bila sauti, matone yanaanguka kwenye kitambaa cheupe. Akauweka mto mahali pake, akaupapasa, akasimama anangoja.

"Foronya imelowa," nikamwambia. "Leta nyingine."

Akaenda, akaleta. Akabadilisha. Akafunga mlango pole pole, kwa mkono kwenye kitasa, jinsi milango ya wageni inavyofungwa.

Nikavua viatu nikapanda. Nililala mpaka saa tisa alasiri, mdomo wazi, usingizi mzito, sikuota kitu wala mtu. Nilipoamka sikukitandika. Nilikiacha kama kilivyo, shuka limejiviringa, mto umeanguka chini, nikatoka kwenda kuutazama mji, nikamwambia meneja kwa vidole kwamba chumba changu kinahitaji mtu.